Uso wa Towera Zgambo

Aliye jikoni aache mlango wazi asikie. Mwenye redio dukani aongeze sauti kidogo. Wasikilizaji wapendwa, mimi ni Lusungu Ngwira, niko nanyi kutoka hapa Rumphi, na hii ni saa yetu ya kuwakumbuka waliotutoka.

Leo tunamkumbuka Towera Zgambo. Mwimbaji. Mzaliwa wa Chanolo. Alifariki mwezi uliopita akiwa na miaka sitini, kwa maradhi ya moyo, nyumbani kwake, binti yake akiwa amemshika mkono. Nalirudia jina kwa ajili yenu mliofungua redio sasa hivi. Towera Zgambo.

Wengi wenu mtasema, huyo simjui. Mnamjua. Kama mlikuwa na masikio enzi zile za kanda, mnamjua. Ule wimbo wa kwaya ya Chanolo, "Mlango Haujafungwa", uliokuwa ukipigwa Jumapili asubuhi kabla ya matangazo ya vifo, mnaukumbuka? Ile sauti ya mwanamke inayoanza peke yake kabla wenzake hawajaingia? Ni yake. Si ya yule dada mrembo mliyemwona kwenye karatasi ya kanda. Ni ya Towera Zgambo.

Leo nitawaeleza kwa nini hamkuwahi kuuona uso wake. Nitaeleza bila kutia sukari. Mkubwa wangu hapa studio ameniomba nipunguze ukali. Nimemwambia nitajaribu.

Tuanze na huo uso, maana watu wa Chanolo nao walianzia hapo. Wengi wao waliishia hapohapo.

Towera alizaliwa mwaka ule Malawi yetu ilipopata bendera yake. Alizaliwa mzima, mtoto wa kawaida, mwenye macho mawili. Akiwa na miaka minne, msimu wa joto, alikuwa amelazwa kwenye mkeka barazani. Kulikuwa kunapambazuka. Mama yake, NyaGondwe, yaani binti wa akina Gondwe, alikuwa ameshaamka na alikuwa uani anatwanga mahindi. Fisi mzee, mwenye njaa, akapanda barazani na kumshika mtoto usoni.

NyaGondwe hakupiga kelele. Alimpiga fisi. Alimpiga kwa ule mtwangio aliokuwa nao mkononi, akampiga, akampiga, mpaka mtwangio ukapasuka. Fisi alifia palepale uani. Mtoto akapona.

Lakini jicho la kushoto lilikwenda. Shavu la kushoto lilikwenda, pamoja na nusu ya sikio. Kidonda kilipofunga, ngozi ya upande ule ikajivuta na kukunjamana. Mdomo ulibaki mzima. Upande wa kulia ulibaki mzima. Watu waliamua kuona upande mmoja tu.

Mnajua walisema nini Chanolo? Walisema fisi yule ametumwa. Walisema mtoto aliyeponyoka mdomoni mwa fisi wa wachawi hajaponyoka, amerudishwa kwa kazi maalumu. Na hao hawakuwa watu wa kando. Walikuwa washirika wa kanisa. Waliobatizwa. Jumapili walikaa mstari wa mbele wakiimba kwamba damu ya Yesu imewaweka huru, na Jumatatu walizunguka njia ndefu ili wasipite mbele ya nyumba ya NyaGondwe.

Tawonga, binti wa marehemu, aliniambia maneno ambayo bibi yake alikuwa akiyasema mpaka anakufa. "Bibi alisema hivi: 'Mimi nilimnyang'anya fisi mtoto wangu. Leo niwaachie watu wammalizie?'"

Basi akampeleka shule. Mwalimu akamkalisha nyuma kabisa, ameelekezwa dirishani, ili wenzake wasipoteze umakini. Watoto ni watoto, nao waliyasema ya nyumbani kwao. Mmoja alimwambia wakati wa mapumziko, "Wewe si ulipewa jina la uzuri? Uzuri wenyewe kala fisi!"

Towera akamjibu, "Fisi yule alichagua. Wewe angekuona angepita."

Mnadhani nawaletea mtakatifu mpole, wa kuinamisha kichwa na kusamehe kabla hajakosewa? Poleni. Towera alikuwa na ulimi. Siku moja kwenye mashine ya kusaga, akiwa msichana mkubwa, mwanamke mmoja alimwona anakuja akamfunika mtoto wake uso kwa kitenge. Towera akaweka ndoo yake chini. Akasema kwa upole kabisa, "Mfunue tu, mama. Leo nimeshakula." Mashine nzima ikacheka. Yule mama hakucheka. Hadi leo anasimulia kwamba alitukanwa.

Sasa tuje kwenye sauti.

Nyuma ya kanisa la Chanolo kulikuwa na shamba la NyaGondwe. Alhamisi moja, kwaya ilikuwa ndani ikifanya mazoezi, na mwalimu wa kwaya, Harrington Kumwenda, alikuwa akigombana na waimbaji wake kuhusu mstari mmoja uliokuwa ukiwashinda. Mara akasikia mstari uleule unaimbwa nje, sawasawa, kama alivyokuwa akiusikia kichwani mwake. Akatoka mbio. Mwenyewe alikuwa akisimulia hivyo, kwamba alitoka mbio mpaka kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Akaingia katikati ya mahindi huku akiita, "Nani huyo? Nani anaimba?"

Towera akasimama na jembe lake. Akamgeukia.

"Aa," akasema Kumwenda.

Hilo tu. Aa. Mtu ametoka mbio na kiatu kimoja, na neno la kwanza kinywani mwake ni hilo. Lakini sikio lake lilikuwa na njaa kuliko macho yake, kwa hiyo akamchukua. Akamweka mstari wa nyuma, nyuma ya wanaume warefu wa sauti ya nne. Towera alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikubali. Miaka mingi baadaye binti yake alimuuliza kwa nini alikubali kusimama nyuma ya migongo ya watu. Alijibu, "Nilitaka kuimba. Wewe ukiwa na njaa unauliza sahani ni ya nani?"

Kisha likaja gari la kurekodi kutoka Blantyre. Likapita wilaya zote za kaskazini likirekodi kwaya. Na kwa kuwa kwenye kurekodi hakuna anayetazama, Kumwenda alimtoa Towera nyuma akamsimamisha mbele, karibu kabisa na kipaza sauti. Ndipo ukazaliwa "Mlango Haujafungwa". Mnaujua wimbo. Unamhusu mtu aliyechelewa karamuni, amesimama nje na nguo zake za shamba, anaogopa kubisha, na mwenye nyumba anatoka mwenyewe kumwita.

Wimbo ukashika nchi nzima. Uliimbwa mashambani kwenye tumbaku, uliimbwa misibani, uliimbwa na walevi. Barua za mwaliko zikaanza kumiminika. Ekwendeni wanawataka. Mzuzu wanawataka. Karonga wanawataka. Kila mwenye kuandika anauliza jambo moja: mama mwenye sauti ile atakuwepo?

Hapo ndipo wazee wa kanisa walipoitisha kikao.

Wasikilizaji wapendwa, nawaomba mkae vizuri. Mwenyekiti wa kikao alikuwa mzee wa kanisa Wyson Luhanga. Mzee Luhanga alikuwa na tai. Narudia, alikuwa na tai. Chanolo ya wakati ule, tai ilikuwa ushahidi wa wokovu. Mtu mwenye tai aliombwa afungue sala, afunge sala, aombee chakula, aombee mvua. Hakuna aliyewahi kuuliza chini ya ile tai kuna nini. Na mimi nimeuliza sana, wasikilizaji. Sijapata jibu la kuridhisha.

Kumwenda alikuwa kikaoni, na ndiye aliyesimulia. Anasema mzee Luhanga alisema hivi, kwa sauti ya kichungaji kabisa:

"Hatusemi dada yetu ni mbaya. Mungu ndiye aliyemuumba. Tunawafikiria watoto. Watoto watashtuka."

Watoto! Watoto wa Chanolo walikuwa hawatoki uani kwa Towera. Aliwaimbia, aliwagawia karanga, aliwafukuza jioni waende kuoga. Watoto walikuwa wameshamzoea tangu hawajaota meno. Walioshtuka walikuwa na mvi.

Kikao kikaamua. Kwaya ikiimba mbele ya wageni, Towera atakaa kwenye kile chumba kidogo cha mchungaji kuvalia, mlango ukiachwa wazi na pazia likishushwa. Waya wa kipaza sauti utapita chini ya pazia. Na mbele, mahali pa mwimbaji kiongozi, atasimama Jessie Munthali, afungue na kufunga mdomo.

Jessie alikuwa msichana wa miaka ishirini, mrefu, mzuri wa kusimamisha baiskeli. Kuimba hakujui. Si mimi ninayesema, ni yeye. Jessie yupo hai, ni mama mtu mzima sasa, na ameniruhusu kusema kila kitu. "Mwanangu," aliniambia, "mimi nikiimba mbwa wanahama. Lakini hakuna aliyeniuliza kama naweza kuimba. Waliniangalia wakasema, huyu. Na mimi nilikuwa mjinga, nikafurahi."

Picha ya Jessie ikachapwa kwenye karatasi ya kanda. Kanda zikauzwa kuanzia Chitipa mpaka Nsanje. Kwa mapato yale kanisa la Chanolo liliezekwa bati jipya. Yaani bati lile lote, kutoka ukuta hadi ukuta, lilitoka kooni mwa mwanamke ambaye walimficha nyuma ya pazia. Na sare ya kwaya hawakumshonea. Walisema, ya nini, nani atamwona?

Kuna mtu mmoja aliyemtafuta mwenye sauti. Jina lake Yotamu Mfune, mwashi, mtu wa Mzimba. Aliusikia wimbo akiwa juu ya ukuta anajenga, akashuka. Akanunua kanda, akaangalia picha, akapanda baiskeli akaja Chanolo kuposa. Akaelekezwa kwa Jessie. Jessie akatoka ndani akasema, "Karibu, baba, shida gani?"

Mfune akasimama. Akaangalia picha. Akamwangalia Jessie. Akasema, "Dada, samahani. Sauti siyo hii."

Jessie anasema ile ndiyo mara ya kwanza maishani mwake mwanamume alimtazama na kusikitika. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamshika mkono akampeleka kwa Towera.

Na Mfune naye, nisiwafiche, alitishika. Alimwona Towera, akaomba maji ya kunywa, akayanywa yote, akashukuru, akapanda baiskeli akaondoka. Towera akamwambia Jessie, "Angalau huyu kashukuru."

Baada ya majuma kadhaa akarudi. Towera alikuwa anachambua maharage. Hakuinuka.

"Umesahau nini?" akamuuliza.

Mfune akasema, "Mara ya kwanza niliogopa. Nimekwenda nyumbani nikaogopa mpaka nikamaliza. Sasa nimekuja."

Walioana. Mungu akawapa Tawonga. Katika yote niliyosikia kuhusu Chanolo, huyu mwashi ndiye mtu mzima pekee aliyekiri woga wake bila kuusingizia watoto.

Wasikilizaji wapendwa, kwa mliojiunga nasi sasa, tunamkumbuka Towera Zgambo, mwimbaji wa "Mlango Haujafungwa", aliyefichwa na kanisa lake nyuma ya pazia kwa sababu ya uso wake. Tunafika sasa siku ya jubilei.

Kanisa la Chanolo lilitimiza miaka mia moja. Wageni walikuja kutoka kila upande. Wachungaji, wakuu wa serikali, wazungu wawili wenye kamera. Jenereta ilikodiwa. Ng'ombe walichinjwa. Mzee Luhanga alivaa tai mpya. Mahubiri yalikuwa, sikilizeni vizuri, yalikuwa kuhusu nabii Samweli alipokwenda nyumbani kwa Yese kumtafuta mfalme. Jinsi alivyomwona mwana mrefu, mwenye umbo, akadhani ndiye. Jinsi Mungu alivyomkatalia na kumwambia kwamba Yeye hatazami anachotazama mwanadamu, Yeye hutazama moyo. Mhubiri alihubiri vizuri. Watu walitikisa vichwa. Mzee Luhanga alisema amina kwa sauti kuliko wote.

Na nyuma ya pazia, hatua chache tu kutoka alipokaa Luhanga, Towera Zgambo alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, na waya wa kipaza sauti miguuni, anasikiliza mahubiri hayohayo.

Kwaya ikaitwa. Jessie akasimama mbele na sare yake nyeupe. Wimbo ukaanza. Ile sauti ikatoka kwenye spika, peke yake, na wageni wakanyamaza. Ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili. Katikati ya ubeti wa pili, sauti ikakatika.

Jessie aliendelea kufungua na kufunga mdomo. Hakuna kilichotoka. Watu wakadhani ni jenereta, lakini jenereta ilikuwa inanguruma nje kama kawaida. Kumwenda akakimbilia pazia, akalifunua. Kiti kitupu.

Towera alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma. Akazunguka kanisa. Akaingia kwa mlango mkubwa, mlango wa maharusi, na kitenge chake cha kila siku, kilichopauka. Akaanza kutembea katikati ya mabenchi. Na alikuwa anaimba. Hakuwa na kipaza sauti. Ubeti wa tatu, ule wa mwenye nyumba anayetoka nje kuita. Wanaosema hakuhitaji kipaza sauti wanasema kweli.

Sasa ningependa kuwaambia kwamba kanisa zima liliinuka likalia na kutubu. Ingekuwa simulizi nzuri. Haikuwa hivyo. Wanawake fulani waliziba nyuso. Mtu mmoja alisema kwa sauti, "Yesu wangu!" na hakuwa anasali. Na mzee Luhanga akaashiria kwa kidole, kidole kimoja tu, na mashemasi wawili wakainuka wakamshika Towera mikono katikati ya wimbo, mbele ya wageni, wakaanza kumrudisha mlangoni.

Ndipo Jessie akakishika kipaza sauti kilichokuwa mbele yake. Akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ya kuhamisha mbwa, "Mwacheni! Mimi siwezi kuimba. Sijawahi kuimba. Anayeimba ni huyo!"

Watu wakacheka. Walidhani ni utani. Mrembo vile, haimbi? Akarudia. "Ni huyo! Mnamtoa nje mwenye sauti, mnabaki na mimi wa nini? Wa kupamba?"

Kicheko kikafa. Mashemasi hawakujua wamwachie au waendelee. Towera ndiye aliyewaamulia. Aliwaambia, "Niachieni mikono. Nitatoka kwa miguu yangu." Akatoka. Jessie akavua ule mtandio wa sare, akauweka juu ya meza, akamfuata. Nje walikuta nyama inapikwa. Towera akasema, "Tule kwanza. Ng'ombe hana kosa." Wakachukua sahani wakala nsima yao, ule ugali wetu wa mahindi, wamekaa kwenye gogo, wakisikiliza kwaya inavyohangaika ndani bila wao.

Juma lililofuata wote wawili walitengwa na Meza ya Bwana kwa nusu mwaka. Kosa walilosomewa ni kuvuruga ibada. Kuvuruga ibada! Miaka mingapi kanisa lilikuwa linawadanganya watu na Mungu wao kwa pazia na waya, hiyo haikuwa kuvuruga. Hiyo ilikuwa utaratibu.

Mzee Luhanga aliendelea kuombea mvua. Kwaya ikatoa kanda nyingine. Mliisikia? Hata mimi sikuisikia. Kumwenda akahamia Lilongwe.

Adhabu ilipokwisha, watu wengi walidhani Towera atahamia kanisa jingine. Yako mengi, yangempokea kwa vigelegele. Jumapili ya kwanza baada ya adhabu, aliingia kanisa la Chanolo mapema kabla ya kengele. Akapita mabenchi yote. Akakaa benchi la mbele kabisa, upande ambao wazee wa kanisa wakikaa kwenye viti vyao wanatazamana naye, uso kwa uso, tena kwa ule upande wake wa kushoto. Jumapili iliyofuata, palepale. Alikaa hapo miaka karibu thelathini. Kwenye kwaya hakurudi. Aliimba kutoka kwenye benchi lake, na kwaya ililazimika kumfuata.

Jessie, aliyehamia kweli kwingine, alimuuliza, "NyaZgambo, unarudi kwa wale watu kufanya nini?"

Towera akamjibu, "Kwani kanisa ni la Luhanga? Mimi nakwenda kwa Baba yangu. Kama watumishi wake hawapendi sura yangu, wahame wao."

Mwezi uliopita moyo wake ulichoka. Aliugua muda mfupi. Jessie alikuwepo, Mfune alikuwepo, Tawonga alikuwa amemshika mkono.

Mimi nilikwenda msibani. Niliyaona haya kwa macho yangu.

Wazee wa kanisa walifika na bango kubwa la picha, limeandikwa "Mama wa Kwaya Yetu". Ilikuwa picha yake kweli. Imepigwa ubavuni, upande wa kulia. Aliyeikata aliikata kwa ustadi, hata kivuli cha upande wa kushoto hakionekani. Nilisimama mbele ya bango lile, na mkubwa wangu anisamehe, nilitema mate chini.

Kisha wakamwita Tawonga kando. Mzee Luhanga alikuwepo, ana miaka themanini na kitu, na fimbo, na tai. Akasema kwa ile sauti, "Binti yetu, kwa heshima ya marehemu, na kwa kuwa kuna wageni, tumeona jeneza lisifunguliwe. Watu wamkumbuke alivyokuwa."

Tawonga akasema, "Alikuwaje, mzee?"

Mzee akarekebisha tai yake.

"Nauliza. Watu wamkumbuke alivyokuwaje?"

Mchungaji kijana alikuwa anaangalia viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri.

Tawonga akasema, "Mama yangu amefichwa vya kutosha. Sasa ni maiti, mnamficha ili iweje, asiwaone? Jeneza litafunguliwa. Mtapita wote, kama mnavyopita kwa watu wengine. Asiyeweza aende nyumbani."

Jeneza likafunguliwa. Foleni ikapangwa kutoka sebuleni mpaka barabarani. Wa kwanza kupita alikuwa Mfune. Akaweka kiganja chake kwenye lile shavu la kushoto, akakiacha hapo. Akatuambia tuliokuwa karibu, kama anaeleza jambo dogo la nyumbani, "Alikuwa akilalia ubavu wa kulia. Huu ndio upande niliokuwa nauona kila asubuhi."

Watu wakapita. Wengine walilia. Wengine walikuja kwa ajili ya kushangaa, na wakashangaa kwamba hakuna cha kushangaa. Jessie alikuwa amesimama kichwani mwa jeneza, mkono mmoja juu ya ubao, kama mlinzi.

Ikafika zamu ya mzee Luhanga. Akaja polepole na fimbo yake. Alipofika akainamisha kichwa, na nilikuwa karibu, nikaona. Alikuwa amefumba macho. Kwa watu wa nyuma alionekana anasali.

Jessie akamwambia, si kwa sauti kubwa, "Fungua macho, mzee. Foleni haisogei mpaka uangalie."

Mzee akabaki vile. Foleni ikasimama. Mtu nyuma akakohoa. Kisha Luhanga akafungua macho. Akamwangalia Towera Zgambo. Aliangalia muda mrefu, na tukaona machozi yakishuka kwenye mikunjo ya uso wake hadi kwenye tai.

Akasema, "Sikuwahi kumwangalia."

Jessie akasema, "Najua. Haya sogea, baba, wengine wanasubiri."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio yetu natoa pole kwa mzee Yotamu Mfune, kwa Tawonga na wanawe, kwa ukoo wote wa akina Zgambo na akina Gondwe. Pole kwako pia, mama Jessie Munthali, uliyempoteza rafiki. Bwana aliyempokea Towera awafariji ninyi mliobaki.

Kwenu wengine sina pole, nina ombi. Mmewaza sana mlipokuwa mkisikiliza, nimewasikia. Mnawaza, huyo Luhanga ni mtu mbaya. Mwacheni Luhanga. Luhanga alilia mwenyewe, ana kesi yake na Mungu wake. Mfikirieni yule mtu wa kanisani kwenu ambaye mmempangia kazi ya jikoni siku ya wageni. Yule ambaye mkipiga picha ya kikundi mnamwomba ashike kamera. Mnalijua jina lake. Jumapili hii nendeni mkaketi karibu naye, mmwangalie usoni, mmwulize habari za nyumbani, na msubiri jibu.

Sasa nawapigia wimbo. Ile karatasi ya kanda yenye picha ya Jessie nimeitoa.